Matanga ya Muzee Marcellin, Akiwa Bado Anakula

Muzee Marcellin alikufa saa ya chakula, tonge la bugali likiwa limeshakaribia mdomo. Aliyemuua ni binti yake mwenyewe, tena kwa kufuata mashauri ya baba. Watoto watiifu ni hatari kuliko tunavyodhani.

Marehemu mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba yake, pale Mudzipela, mtaani Bunia, sahani ya sombe, majani ya muhogo, mbele yake, mkewe Mama Angèle akichagua maharage pembeni. Ndipo Mama Gertrude, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alipoingia na kilio, mikono kichwani, kitambaa kimemwangukia shingoni.

“Yooo! Papa Marcellin! Unatuacha na nani? Weye mupole, weye wa…”

Akamwona. Muzee alikuwa anamtazama, shavu limejaa.

“…weye uko nakula?” Mama Gertrude akamalizia.

“Sasa nikule saa ngapi? Nani alikufa?”

“Weye.”

“Mimi?”

“Dady, ule mutoto ya dada yangu mwenye kuendesha moto, ile pikipiki yake, ananipigia telefone toka ku njia ya Mahagi. Anasema anapita ku bariere ya wale watu wa bunduki, anakuta Clémence yenu iko nalia mu vumbi: ‘Baba yangu Marcellin wa Mudzipela alikufa, muniache nifike ku matanga!’ Anasikia na masikio yake! Na mimi nimelia toka kule ku soko mupaka hapa. Wamama wako nyuma yangu na masufuria.”

Kwa Mama Gertrude, kulia toka sokoni mpaka nyumbani ni sawa na kutangaza redioni. Habari ikiingia sikio lake asubuhi, adhuhuri wafungwa wa gereza wanaijadili.

Muzee akarudisha tonge sahanini. Hakukasirika. Alielewa, na kuelewa ndiko kulikomuuma. Zamani alikuwa dereva wa malori katika njia hiyohiyo, na tangu magoti yalipomstaafisha alikuwa amegeuka mwalimu wa safari. Hakuna aliyetoka Mudzipela kwenda Bambu au Mahagi bila kupewa mahubiri yake, ukitaka usitake. “Barabara haina shangazi,” ndivyo alivyoanza. Usipande moto ya mutu mwenye kuficha uso. Telefone ya maana iweke ndani ya unga, ile ya kufa shika mukononi, ndiyo watakunyang'anya. Usiseme uko peke yako, sema bwana yako iko mbele na moto ingine. Mutu asisafiri peke yake, hata kama anaenda ku choo aite mwenzake. Na neno la mwisho alilitoa polepole, kama mtu anayekugawia dawa ya ukoo: “Wakikushika ku bariere, sema uko naenda ku matanga. Hakuna mwenye kumuchelewesha mufiwa. Hata mwizi anaogopa. Ile kifo unaenda kulia inaweza kugeuka, imufuate yeye.”

“Nilimwambia aseme kuna matanga,” muzee alinung'unika. “Sikumwambia ya nani.”

“Ungetaka aue nani? Mimi?” mkewe akauliza.

“Muyomba wake Nicolas iko. Ule hata angekufa kweli…”

Nicolas ni mdogo wake Mama Angèle. Mama Angèle akamtazama mumewe kwa jicho ambalo lingeweza kuleta matanga ya kweli palepale.

“Bon, naenda ku barabara,” muzee akasema, akijivuta kusimama. “Wanione niko muzima, warudishe masufuria yao.”

Hapo telefone ya Mama Angèle ikalia.

Lazima mjue jambo moja. Mama Angèle hasemi uongo. Anauza mikate, na mteja akinyoosha kidole anamwambia, “Acha huo, ni wa jana.” Biashara yake haijawahi kunenepa. Mwaka juzi aliharibu ndoa ya watu kanisani kwa sababu tu aliulizwa kama bwana arusi ana mtoto kando. Hakuulizwa wangapi, lakini alijibu na hilo.

“Mama,” ilisema sauti ya kijana, taratibu, ile taratibu ya mtu mwenye bunduki magotini. “Huku ni ku bariere. Tuko na binti moja hapa, Clémence. Anasema baba yake alikufa. Leo huyu ni mutu wa tatu ananiletea maiti. Bunia muzima iko nakufa? Niambie weye, mama. Ni kweli, ao mutoto iko natucheka?”

Mama Angèle akamtazama mumewe. Mumewe akamtazama yeye, mchuzi wa sombe bado uko kidevuni. Mama Gertrude akajiziba mdomo kwa mikono miwili, jambo ambalo Mudzipela haikuwahi kuliona.

“Ni kweli,” alisema Mama Angèle. “Bwana yangu alisha kufa.”

Machozi yakamtoka. Hayakuwa ya kuigiza. Sijui aliulilia uongo wake wa kwanza, au mtoto aliye mikononi mwa watu wale, au huyu mwanaume ambaye sasa hivi alikuwa amemzika kwa maneno manne. Na kama vile wamepangiwa, wamama wa kwanza wakafika langoni, wakaangusha kilio kimoja kizito.

“Pole, mama. Nasikia,” sauti ikasema. “Tunamuacha aende. Lakini niko na ndugu yangu pale Mudzipela, motard, iko naendesha moto, jina yake Lionel. Atakuja kuketi na nyinyi kidogo. Akikuta hakuna matanga, mbele kuna bariere ingine, na wale wako na telefone pia.”

Ikakatika.

“Sasa?” muzee akauliza.

“Sasa weye ni marehemu. Ingia mu nyumba. Bugali acha.”

“Bugali kwa sababu gani?”

“Marehemu hakuli.”


Kule barabarani Clémence alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Alitoka Mahagi-Port, alikokwenda kumsaidia dada yake aliyezaa, na alipanda basi pamoja na shemeji wa kumsindikiza. Basi likavunjika. Shemeji akatazama injini, akatazama jua, akakumbuka ana kazi, akarudi alikotoka. Clémence akabaki peke yake. Akachagua moto ya mzee mmoja mwenye uso wazi na meno mawili. Telefone nzuri akaizika ndani ya unga wa muhogo, ile iliyokufa akaishika mkononi. Akavua hereni, akafunga kitambaa kipajini, akakaza kikwembe kiunoni, akamwambia mzee, “Papa, tukifika ku bariere mimi nimefiwa.” Mzee akasema pole kwa mazoezi.

Kumchagua baba hakukuwa utovu wa heshima. Kwanza alikuwa amejaribu kumlilia muyomba Nicolas, lakini machozi yalikataa. Alipomjaribu baba, yalikuja mbio kama kuku wameitwa. Pale bariere akajiangusha vumbini kwa ufundi, akalia.

Mkubwa wa bariere alikuwa kijana wa miwani ya jua yenye kioo kimoja. Alichukua ile telefone iliyokufa, akaidharau, akairudisha. Kisha akaomba namba ya nyumbani, akaweka sauti kubwa ili wenzake nao wafurahi.

Na Clémence akasikia sauti ya mama yake, mama ambaye hata mkate wa jana hausemei uongo, ikisema, “Bwana yangu alisha kufa.” Nyuma ya sauti, watu wanalia.

Ilikuwa kama kumwita mbwa wa jirani kwa mchezo, kisha chui akaitika. Hakuanguka kwa ufundi kama mara ya kwanza. Alianguka vibaya, begi likapasuka, unga ukamwagika na telefone nzuri ikatokeza kichwa mbele ya watu wote. Hakuna aliyeigusa. Mkubwa wa bariere alivua miwani yake.

“Mupandishe ku moto,” alimwambia yule mzee kwa sauti ndogo. “Na uende polepole.”

Mzee wa meno mawili alimpandisha, akamfunga kwa kikwembe mgongoni mwake kama mtoto. Moyoni alisema: mutoto huyu ana kipaji, angekaa mu teatri. Walipopita kilima cha pili bado analia, ndipo mzee naye akaanza kuogopa.

“Binti, bariere ilisha pita.”

“Papa, ni mimi nimemuua,” Clémence alisema. “Nimetamka na mudomo yangu, Mungu akafikiri naomba.”

Kwenye bariere iliyofuata, waliona uso wake tu, wakashusha kamba bila kuuliza.


Matanga ya watu maskini yana faida moja, hayahitaji maandalizi. Kabla maharage hayajachemka, bashi la turubai lilikuwa limeshafungwa juu ya uwanja, viti vya kanisa vimeletwa kichwani, majani ya mgomba yamewekwa barabarani ili wapita njia wapunguze mwendo. Picha ndiyo ilikosekana. Muzee Marcellin hakuwa na picha nyingine zaidi ya ile ya karte ya kura, ndogo kama kipande cha sabuni, ambamo amekunja uso kama mtu aliyegombana na mpiga picha. Wakaiegemeza kwenye kiti na mshumaa pembeni. Kila aliyekuja kumwaga machozi alilazimika kwanza kuinama na kukaza macho ahakikishe ni yeye.

Mama Angèle alikaa chini kwenye godoro, mgongo wake umeziba mlango wa chumba cha kulala. Wanawake walimbembeleza kwa mikono, na kwa macho walikagua nyumba yake: kumbe kabati halina vioo, kumbe masufuria ni haya tu, kumbe pazia ni kikwembe cha zamani. Alijisikia amevuliwa nguo. Kila aliyeuliza habari ya maiti, Mama Gertrude ndiye aliyejibu, “Iko ku morgue ya hospitali, iko ku morgue,” maana mjane mwenyewe alishatumia uongo wake wote wa mwaka.

Na chini ya kitanda, kifua juu ya sakafu baridi, muzee Marcellin alisikiliza matanga yake.

Kwanza alifurahi. Watu ni wengi! Kisha katekista Étienne akasimama kusema neno juu ya maisha ya marehemu.

“Marcellin alikuwa mutu…” Étienne alianza. Akanyamaza. “Alikuwa mutu wa…” Uwanja mzima ukangoja. Chini ya kitanda pia wakangoja. “Alikuwa mutu wa safari,” Étienne akasema, akaketi.

“Alikuwa nasema sana,” sauti ya mwanamke ikaongeza.

“Sana! Mimi naenda tu Bambu, ananishika saa muzima ananifundisha namna ya kuketi ku moto.”

“Na kuimba mubaya, Mungu amusamehe.”

Muzee akauma ulimi. Miaka arobaini ya kuimba katika kwaya ya wazee, na shukrani ndiyo hii! Hasira ikampanda kifuani, ikachanganyika na vumbi, akakohoa. Sasa, kikohozi cha Marcellin kinajulikana Mudzipela yote: kinaanza kama lori bovu asubuhi ya baridi, kinakataa, kinakataa, halafu kinawaka. Vichwa vyote vikageukia nyumba. Mama Gertrude akaruka katikati.

“Yoo! Alikuwa nakohoa hivi!” alilia, akakohoa mwenyewe mpaka machozi yakamtoka. “Hivi! Na hivi! Nani atatukoholea tena?”

Wamama wakaitikia kwa kilio. Masikini Mama Gertrude! Habari kubwa kuliko zote za maisha yake ilikuwa imemkaa kooni, na yeye ndiye aliyepewa kuilinda. Alikuwa anavimba. Mara mbili alianza, “Nyinyi hamujue…” na mara mbili Mama Angèle alimfinya mguu.

Lionel alifika wakati chakula kinagawanywa, maana wapelelezi nao wana akili. Kijana wa koti la ngozi, funguo za moto zinazunguka kidoleni. Akaichungulia picha, akalitazama bashi, akapokea sahani.

“Mimi ni wa kule,” alimwambia Mama Angèle, akiashiria kwa kidevu upande wa Mahagi. “Matanga ni nzuri. Maharage pia. Nitangoja mupaka binti afike, ndiyo nipige telefone. Alikufa na nini, muzee?”

“Na mudomo yake,” alijibu Mama Angèle.

Lionel akatikisa kichwa kwa huruma. Aliujua ugonjwa wa mdomo. Mjomba wake ulimwondoa.

Wakati huo Nicolas alikuwa amesimama mlangoni, ameshapima mambo. “Yaya, dada yangu, ile koti yake nyeusi, ya arusi, nipite nichukue. Wamuvalishe.” Alisema wamvalishe, lakini mabega yake yenyewe yalikuwa yanajinyoosha kupima. Mama Angèle akatafuta sababu ya kukataa mbele ya watu, akaikosa. Nicolas akamruka, akaingia chumbani.

Muzee, aliyesikia yote, alikuwa amewahi koti. Toka chini ya kitanda aliona miguu ya shemeji wake ikiingia, ikasimama, ikavua kandambili, ikavaa viatu vyake yeye vya Jumapili. Miguu ikajaribu hatua mbili. Ikaridhika.

“Yaya!” Nicolas aliita. “Koti haiko!”

“Alisha ivaa,” mjane akajibu toka mlangoni.


Jua lilikuwa limeelekea nyuma ya nyumba pale moto ya mzee wa meno mawili ilipoingia, nyekundu kwa vumbi. Clémence alishuka kabla haijasimama. Aliona majani barabarani. Aliona bashi. Aliona picha ya karte ya kura karibu na mshumaa. Akatembea mpaka kwenye kiti kile kama mtu anayetembea majini, akaanguka, akakikumbatia.

“Papa, nisamehe!” Sauti ilitoka mahali ambapo hakuna mtu anayejifunza kulia. “Nilisema tu wanipitishe! Ulinifundisha niseme, na mimi nikasema jina yako, sababu ya wengine siwezi kulia! Papa, rudi, nitasafiri vizuri, papa, sitasema tena!”

Kilio cha wamama kikakatika. Hata Lionel akaacha kijiko hewani. Mama Angèle akainuka mbiombio, na hapo tu ndipo alipoelewa kwamba ule uongo wake mmoja ulikuwa umesafiri njia yote ile mgongoni mwa mtoto. Hakuwahi kumfikia binti. Nyuma yake mlango ulifunguka.

Muzee Marcellin alitoka akiwa ndani ya koti jeusi, utando wa buibui kichwani, kifua cheupe kwa vumbi, peku. Ndivyo maiti anavyovalishwa, isipokuwa maiti hasemi.

“Clémence, mama yangu. Niko hapa.”

Sitawaficha: watu walikimbia. Viti vya kanisa vilibaki miguu juu. Katekista Étienne, ambaye kila Pasaka anahubiri ufufuo, aliruka ukuta. Nicolas alikimbia na viatu vya marehemu, akakumbuka, akavivua akiendelea kukimbia. Lionel alianguka chali na kiti chake, sahani kifuani, na kwa kuwa hakuweza kuinuka, alibaki kama shahidi.

Clémence peke yake hakukimbia. Alimwendea baba yake kwa magoti, akamshika mguu, akaupapasa, akaukuta una joto, akaung'ang'ania. Muzee alitaka kumgombeza. Alikuwa na mahubiri tayari, aliyatunga chini ya kitanda, juu ya namna ya kuchagua mtu wa kuua. Akayaacha. Akainama, akaweka mkono juu ya kile kitambaa chenye vumbi la njia nzima, akalia vibaya zaidi kuliko anavyoimba.

Telefone ya Lionel ikalia tumboni mwake, katikati ya maharage. Aliitoa, akaifuta, akaitazama kama nyoka. “Ni wao. Nitasema nini?”

“Wanauliza nini?” Mama Angèle akamuuliza.

“Kama binti alifika ku matanga ya baba yake.”

“Sasa hakufika?”

Lionel alimtazama mjane, akamtazama marehemu, akazitazama sufuria ambazo bado hazijaisha. “Alifika, mukubwa,” alisema kwenye telefone. “Kilio hapa ni ya kweli kabisa. Sijaona kama hii.” Akakata, akanyoosha sahani aongezewe.

Watu walirudi mmoja mmoja, kwa aibu na kwa njaa. Maharage yalikwisha iva, na bashi lilikwisha fungwa, ingekuwa dhambi kuvipoteza. Mama Gertrude aliwapokea langoni, mmoja baada ya mwingine, akiwasimulia tangu mwanzo wale waliokuwepo. Muzee Marcellin alikaa kwenye kiti cha mbele, picha yake mapajani, akaomba sahani yake ya sombe, kisha akataka maneno yote juu ya maisha yake yarudiwe, sasa akiwa anasikiliza juu ya kiti na si chini ya kitanda. Ajabu, Étienne aliyapata maneno mengi.

Clémence alikuwa ameketi miguuni pake, ameshika pindo la koti. Giza lilipoanza kuingia, muzee akainuka.

“Unaenda wapi?” binti akauliza, naye amesimama.

“Ku choo.”

“Tunaenda.”

“Clémence, choo ni ile pale. Naiona toka hapa.”

“Barabara haina shangazi, papa.”

Uwanja ukacheka mpaka bashi likatikisika. Wakaenda wawili, yeye mbele peku, binti nyuma ameshika koti. Akaingia, akafunga kimlango cha bati. Clémence akasimama nje, mgongo mlangoni, kama askari.

“Papa?”

“Niko.”

Akangoja kidogo.

“Papa?”

“Niko, weye mutoto! Niko!”